Kabla Kusi Haijavuma: Kumtafuta Fundi wa Paa na Kumlipa kwa Simu

Simu ya shangazi yangu iliingia saa kumi na moja alfajiri. Anaishi Msambweni, kaunti ya Kwale, si mbali na bahari, na si mtu wa kupigia watu simu mapema bila sababu. "Mwanangu, bati limeenda," akasema. Nikadhani ni bati moja. Kumbe ni upande mzima wa paa unaotazama bahari. Upepo uliunyanyua pamoja na mbao zake, ukautua kwenye shamba la mihogo la jirani. Paa lenyewe lilikuwa na miezi mitatu tu.

Nikamuuliza fundi yuko wapi. Mteja hapatikani. Nikamuuliza alimlipa vipi. Hapo akanyamaza kidogo.

Alikuwa amemtumia shilingi 62,000 kwa mpigo, siku moja, kabla hata ngazi haijafika uwanjani. Fundi alimwambia, "Mabati yanapanda bei kesho, bi mkubwa, tuma leo tuwahi." Jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN lilikuwa la mtu mwingine kabisa. Alipouliza, akaambiwa hiyo ni laini ya mke. Akaamini. Na mimi ningeamini, maana fundi alikuwa mtu wa heshima, anasalimu wazee na kuuliza hali za watoto.

Shangazi alitaka tuirudishe ile pesa. Ilibidi nimweleze jambo ambalo wateja wengi hawalijui mpaka wakifikwa: huduma ya kurudisha muamala imewekwa kwa ajili ya pesa zilizopotea njia, kwa mfano umekosea tarakimu ya namba, nayo husaidia zaidi ukiripoti mara moja kabla aliyepokea hajazitoa. Haikuwekwa kuamua kama kazi ilifanywa vizuri. Ukimtumia mtu kwa hiari yako, kwa namba uliyokusudia, muamala umekamilika. Kinachobaki ni ugomvi kati yenu wawili.

Upepo hausukumi tu, unavuta

Pwani yetu ina bahati moja. Vimbunga vya bahari kwa kawaida haviumbiki karibu na ikweta, na Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini yake. Lakini bahati si kinga. Mwezi wa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Tanzania karibu na kisiwa cha Mafia, na huku kwetu tukaonywa kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa. Lindi nako kulipigwa na kimbunga mwaka 1952, na wazee wa kule bado wanakisimulia. Hata bila kimbunga, kusi yenyewe ikishika kasi inatosha kulifumua paa lililofungwa ovyo.

Wengi tunadhani upepo hubomoa paa kwa kulisukuma. Kwa sehemu ni kweli, lakini kazi kubwa unaifanya kwa kulivuta juu. Unapopita juu ya nyumba, unalinyonya bati kama mtu anayefunua sufuria. Mvuto huo ni mkali zaidi kwenye kingo, kwenye pembe na kwenye kilele. Kama una baraza wazi au ukingo mrefu unaoning'inia nje ya ukuta, hapo unanyonywa kutoka juu na kusukumwa kutoka chini kwa wakati mmoja.

Wenzetu wanaoishi kwenye njia ya vimbunga walilijua hili kwa gharama kubwa. Kimbunga Andrew kilipopiga kusini mwa Florida, Marekani, mwezi wa Agosti 1992, nyumba nyingi zilifunuliwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika nyumba nyingi tatizo lilikuwa ni kufunga: misumari michache, na mingine ilipita pembeni ikakosa mbao. Baadaye kanuni za ujenzi za jimbo zima zikaandikwa upya, na zikaanza kutumika mwaka 2002. Kule pia, upepo ukishatulia, hutokea watu wasiojulikana wakibisha mlango kwa mlango na ngazi juu ya gari, wakitaka pesa kwanza. Kumbe si sisi tu.

Sisi tuliopanda juu ya nyumba ya shangazi tuliyaona yale yale. Mbao za juu ya ukuta zililala tu kwenye mawe, hazikufungwa na chochote. Kwenye kingo misumari ilikuwa imepigwa mbali mbali kama ya katikati. Mabati yenyewe hayakuwa mabaya sana. Lililoondoka ni paa zima kama kofia.

Fundi wa kweli anajua "kamba" ya paa iko wapi

Kwa hiyo unapomhoji fundi, usianze na bei. Mwulize: "Paa langu litashikwaje na ukuta?" Akikujibu "usijali, mimi nimefanya kazi hii miaka mingi", bado hajajibu. Jibu unalolitafuta linakwenda hivi: kuna vyuma au mikanda ya bati ngumu iliyozikwa kwenye zege la juu ya ukuta, inakunjwa juu ya mbao na kupigwa misumari. Kisha kila kenchi inafungwa kwenye mbao hiyo, na kila mbao inayobeba mabati inafungwa kwenye kenchi. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, kwingine kote ni mapambo.

Mwulize pia misumari. Ya mabati ina kichwa kipana na hupigwa kwenye mgongo wa wimbi la bati, si bondeni ambako maji hupita. Kwenye kingo na kilele inatakiwa ikaribiane kuliko katikati. Kuhusu mabati, kumbuka geji ni kinyume cha unavyodhani: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Chumvi ya bahari hula bati jembamba haraka. Na kama bado hujajenga, paa lenye miteremko minne hustahimili upepo kuliko lile lenye miteremko miwili.

Halafu karatasi. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, husajili wanakandarasi na kuwatambua mafundi stadi, na mafundi wengine wana vyeti vya majaribio ya ufundi vya NITA. Mafundi wazuri wengi wa mtaani hawana karatasi yoyote, hilo tusidanganyane. Mimi kipimo changu ni kuomba kupelekwa kwenye paa mbili alizoezeka zaidi ya mwaka mmoja uliopita, nikaongee na mwenye nyumba yeye mwenyewe akiwa hayupo. Paa la wiki iliyopita halikuambii kitu. Bado halijaonana na kusi.

Pesa nayo ifungwe kama paa

Mara ya pili shangazi alimpata fundi kutoka Ukunda, na hapo tukaamua malipo yapangwe kabla ya kazi.

Pesa ya vifaa haikupita mkononi mwa fundi. Fundi aliandika orodha, shangazi akalipa mwenyewe kwa namba ya till ya duka la hadiwea, akasoma jina la duka kwenye simu kabla ya kuweka PIN, akapewa risiti. Vifaa vilipofika, alihesabu mabati moja moja, akaangalia geji iliyochapwa juu yake na alama ya ubora ya KEBS. Fundi hakukasirika. Fundi anayekasirika kwa sababu umelipa duka moja kwa moja, jiulize anakasirikia nini.

Ufundi walikubaliana 18,000, ukakatwa hivi: 4,000 siku ya kuanza, 6,000 mbao zote zikishafungwa, 5,000 mabati yakikamilika, na 3,000 baada ya mvua kubwa ya kwanza. Hiyo awamu ya pili ndiyo ya kuilinda kwa jino na ukucha. Bati likishapanda, vifungo vyote vinafichika na huwezi tena kujua kilichofanywa. Kabla ya kutuma zile 6,000, shangazi alimtuma kijana wa jirani apande apige picha kila kiungo. Viungo viwili havikuwa na ukanda. Vikafungwa siku hiyo hiyo, pesa ikatumwa jioni.

Ndiyo, kugawa malipo kunakufanya ulipe ada mara kadhaa badala ya mara moja. Ni shilingi chache. Ukizilinganisha na paa lililolala kwenye mihogo ya watu, hutazikumbuka.

Makubaliano yenyewe waliyaandika kwenye WhatsApp: kazi gani, bei gani, awamu gani, siku gani. Si lugha ya wakili. Ujumbe mfupi ambao fundi alijibu "sawa, tumekubaliana" umetosha. Kila malipo yalikwenda kwa namba iliyosajiliwa kwa jina la fundi mwenyewe, lile lile lililo kwenye kitambulisho. Akikupa laini ya mke, ya kaka au ya "kijana wangu wa kazi", mwambie utasubiri mpaka laini yake ipatikane. Siku ya ugomvi, jina lisilo lake ni mlango wa kutokea.

Na ugomvi ukifika, usifute ujumbe wa kuthibitisha malipo. Hata ukiwa umeshafuta, unaweza kuomba taarifa ya miamala ya akaunti yako. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Shangazi hakwenda. Fundi wa kwanza alikuwa amepokea pesa kwa jina la mtu ambaye hakuna aliyemjua, na hapakuwa na maandishi hata mstari mmoja. Tungemshtaki nani?

Mvua kubwa ilinyesha wiki tatu baada ya kazi kuisha, na upepo juu yake. Shangazi alikesha na tochi akiangalia dari. Asubuhi akatuma zile 3,000 za mwisho. Fundi akajibu kabla ya chai: "Asante bi mkubwa. Jumamosi napita nikaze ukingo wa jikoni, kuna msumari mmoja sikuupenda."