Tiba kwa sanaa: kijana akitaka kuisomea, aanzie wapi?

Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam. Watu zaidi ya 20 walifariki na wengine wengi wakaokolewa kutoka kwenye kifusi. Miaka mitatu kabla, Julai 10, 2021, moto uliunguza soko kuu la Kariakoo na mali za wafanyabiashara.

Aliyevunjika mguu hupelekwa hospitali. Lakini yapo maumivu yasiyoonekana kwenye picha ya eksirei. Kuna mtu anayeshtuka kila akisikia kishindo, na kuna mtoto anayeacha kuongea baada ya msiba. Ukimwuliza ana nini, hana maneno ya kukujibu. Mmoja anayeweza kumsaidia ni mtaalamu wa tiba kwa sanaa. Leo tunaeleza kazi hiyo ni ipi, na kijana wa kijijini anayeitaka apite njia gani.

Ni tiba ya namna gani?

Mgonjwa huchora, hupaka rangi au hufinyanga udongo akiwa na mtaalamu aliyesomea afya ya akili. Si lazima ajue kuchora. Akimaliza, wanazungumza juu ya alichokifanya, kama yuko tayari. Mtoto anayeshindwa kusema "naogopa kurudi nyumbani" anaweza kuchora nyumba isiyo na mlango, na hapo mazungumzo yakaanza.

Mtaalamu si mpiga ramli. Haangalii picha nyeusi akatangaza kwamba mtu huyu ana huzuni, huenda rangi nyingine ziliisha tu. Humwuliza mchoraji mwenyewe, kisha husikiliza. Tiba hii pia haichukui nafasi ya dawa alizoandika daktari. Huenda pamoja nazo.

Jina la tiba hii lilianza kutumiwa na Adrian Hill, mchoraji wa Uingereza, mwaka 1942. Alikuwa amelazwa kwa kifua kikuu, akaona kuchora kunampa nafuu ya moyo, akaanza kuwahamasisha wagonjwa wenzake.

Je, Tanzania kuna shahada yake?

Vyuo vikuu vyetu havina shahada ya kwanza yenye jina hilo. Lakini hilo lisikuvunje moyo. Hata Uingereza na Marekani mtu haanzi kazi hii kwa shahada ya kwanza pekee. Sharti asome shahada ya uzamili, pamoja na mazoezi ya kuhudumia wagonjwa chini ya msimamizi. Kwa hiyo shahada ya kwanza ni maandalizi, na maandalizi hayo yanawezekana hapa nchini.

Maandalizi yana miguu miwili, sanaa na elimu ya akili ya binadamu. Mwenye mguu mmoja tu hafiki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa, na kinafundisha pia ualimu wenye saikolojia. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyopo Kijitonyama, inafundisha kazi za ustawi wa jamii. KCMC mjini Moshi inafundisha tiba kwa vitendo, taaluma ambayo humsaidia mgonjwa arudie shughuli zake za kila siku, na kazi za mikono ni sehemu yake. Aliyemaliza shahada inayokubalika anaweza kuomba uzamili wa saikolojia tiba katika Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili, Upanga, mwendo mfupi tu kutoka Kariakoo.

Anayetaka jina kamili la mtaalamu wa tiba kwa sanaa atalazimika kwenda nje. Kwa Afrika, Afrika Kusini ndiyo iliyotangulia: wataalamu wa tiba kwa sanaa, muziki, maigizo na dansi husajiliwa na baraza la taaluma za afya la nchi hiyo.

Maandalizi nyumbani

Weka kazi zako za sanaa pamoja, ziandike tarehe, kwani vyuo vya nje huomba kuziona. Huhitaji vifaa vya gharama. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za kupakia baiskeli na mbao laini za dari. Wewe waweza kuanza na mkaa, udongo wa mfinyanzi, na vipande vya vitenge vinavyobaki kwa fundi cherehani. Ila rangi ya mafuta yenye harufu kali haifai kwa mgonjwa, hasa ndani ya chumba.

Jitolee kukaa na watu: watoto wa shule, wazee, watu wenye ulemavu. Jifunze kutunza siri. Picha aliyochora mtu mwenye maumivu hairushwi WhatsApp, hata kama ni nzuri. Na usimchimbe mtu kuhusu jambo lililomuumiza wakati hujasomea namna ya kumtuliza. Ukikutana na mtoto aliye hatarini, piga 116, huduma ya simu kwa mtoto. Haina malipo.

Kabla mzazi hajauza ng'ombe

Akitokea mtu na kozi ya wiki mbili inayokufanya "mtaalamu", uliza maswali matatu. Chuo kinatambuliwa na nani? Mazoezi kwa wagonjwa yanafanyika wapi, na nani anayasimamia? Cheti kitakuruhusu kufanya kazi gani hasa? Semina inaweza kukufundisha jambo, lakini haikupi ruhusa ya kutibu.

Kwa shahada, angalia mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, unaotolewa kila mwaka. TCU ndiyo pia inayotathmini shahada za nje. Uliza huko kwanza, kabla ya kulipa hata shilingi.

Njia hii ni ndefu. Kwa sasa wengi wanaoipita huajiriwa kwanza kama walimu, maofisa ustawi wa jamii au wanasaikolojia, na sanaa wakaitumia ndani ya kazi hizo. Mweleze kijana wako hivyo mapema, ili achague akijua.