Akaunti Feki kwa Jina Lako: Utamdai Nini Aliyeifungua?

Mtu akikufungulia akaunti ya Facebook kwa jina na picha yako, ushauri wa kwanza utakaoupata Kenya ni kwenda polisi uandikishe ripoti kwenye kitabu cha matukio (OB). Nenda. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 kinamhukumu anayetumia utambulisho wa mwenzake kwa hila faini isiyozidi Sh200,000, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Ila faini hiyo ni ya serikali. Ukitaka kulipwa wewe, mara nyingi utahitaji kesi ya madai, na hapo ndipo wengi wanapokwama: hakuna dai linaloitwa "kujifanya fulani". Unashtaki kwa yale ambayo akaunti ile imekutendea.

Kesi iliyolionyesha jambo hili vizuri iliamuliwa London Julai 2008. Mfanyabiashara mmoja aligundua ukurasa wa Facebook kwa jina lake, umeanika tarehe yake ya kuzaliwa, mambo yake ya mapenzi, siasa na dini. Pembeni yake palikuwa na kundi lililomwita mwongo asiyelipa madeni. Mahakama iliiamuru Facebook itoe kumbukumbu zake, na anwani ya IP ikaelekeza kwenye nyumba ya rafiki yake wa zamani waliyekosana naye. Rafiki akajitetea kwamba kompyuta ilitumiwa na wageni waliokuja kwake kustarehe. Jaji hakumwamini hata kidogo.

Tazama fidia ilivyogawanywa: pauni 15,000 kwa kumkashifu, 5,000 kwa kuikashifu kampuni yake, na 2,000 kwa kuanika mambo yake ya faragha. Ukurasa bandia wenyewe, kama ukurasa, haukutozwa kitu. Hukumu za Uingereza haziwafungi majaji wetu, lakini sheria yetu ya kashfa imetoka huko na mawakili wa Nairobi huzitaja mahakamani.

Sasa tuseme mwalimu wa Nakuru ametengenezewa akaunti inayotoa matusi ya kikabila. Hiyo ni kashfa, kwani watu wenye akili timamu watamdharau kwa maneno ambayo hakuyasema. Lakini kama akaunti ina picha zake za harusi tu, bila neno baya, dai la kashfa litakuwa dhaifu. Hapo atategemea haki ya faragha katika Ibara ya 31 ya Katiba, au Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo kifungu chake cha 65 kinaruhusu fidia hata kwa usumbufu wa moyo usio na hasara ya fedha. Kwa maoni yangu, njia hii ya pili haijatumiwa ipasavyo. Malalamiko kwa Kamishna wa Data chini ya sheria hiyo hayana gharama ya kesi ya Mahakama Kuu.

Akaunti hiyo ikimwomba shangazi wa mwalimu hela kwa M-Pesa naye akatuma, kuna waathiriwa wawili. Shangazi ana dai lake la kulaghaiwa. Mwalimu hawezi kumdaia, na wala hadaiwi, maana si yeye aliyepokea.

Anayefungua akaunti ya mzaha, ikajitangaza wazi kuwa ni mzaha, ana utetezi mzuri zaidi, mradi msomaji wa kawaida asidanganyike.

Ugumu mkubwa uko kwenye ushahidi. Watu huripoti akaunti, inafutwa, wanashangilia, kumbe wamefuta ushahidi wao wenyewe. Piga picha za skrini kwanza, zionyeshe anwani ya ukurasa na tarehe, kisha uandae cheti kinachodaiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Bila cheti hicho picha zako zinaweza kukataliwa. Halafu wakili aombe amri ya kuilazimisha kampuni ya mtandao au ya simu imtaje mwenye akaunti.

Usiipeleke kashfa kwenye Mahakama ya Madai Madogo, kwa kuwa sheria yake ya 2016 imeikataza. Na usikawie: madai mengi ya aina hii yana miaka 3, lakini ya kashfa yana miezi 12 tu.