KIFAA KIDOGO NA UKWELI WA MOTOKAA YA ZAMANI

Mtu apitaye katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, siku ya maonyesho ya motokaa yaitwayo Concours d'Elegance, huona jambo la kumshangaza. Waamuzi wa maonyesho hayo, yaliyoanza mwaka 1970, hawatosheki na rangi ing'aayo. Hufungua boneti, hukagua viti, hata huinama kutazama chini ya motokaa. Mwenye motokaa aliyefanya kazi miezi mingi husimama kando kimya, akiomba moyoni kwamba hakuna kitu kidogo kilichomponyoka.

Watu wengi hudhani kwamba mzigo mkubwa wa mtu anayefufua motokaa ya zamani ni injini au bodi. Sivyo hivyo kila mara. Injini inaweza kufunguliwa na kutengenezwa, na bati lililooza linaweza kukatwa na kuungwa jingine. Linalomkosesha fundi usingizi ni kishikio cha mlango, nembo, kifungo cha taa, kipande cha mpira kisichozidi ukubwa wa kidole. Vitu hivyo haviuzwi tena madukani. Kiwanda kilichovitengeneza pengine kimefungwa, na kalibu zake ziliuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Basi hapana budi kifaa kitengenezwe upya, na hapo ndipo swali linapozuka: Je, kifaa kipya kifanane na cha asili kwa jambo gani?

WENYE BAHATI NA WASIO NA BAHATI

Si motokaa zote zilizo katika dhiki sawa. Motokaa ya Kiingereza iitwayo MGB ilitengenezwa kuanzia mwaka 1962 hadi 1980, na idadi yake ilipita nusu milioni. Motokaa iliyoenea hivyo ina wateja wengi, na palipo na wateja wengi hapakosi mtengenezaji. Mwaka 1975 kampuni ya British Motor Heritage iliundwa huko Uingereza kwa ajili ya motokaa za namna hiyo, na mwaka 1988 ilianza kuuza bodi mpya za MGB zilizotengenezwa kwa vyombo vya kiwandani vya asili.

Lakini tazama motokaa ya Kijerumani iitwayo Porsche 959. Zilitengenezwa 292 tu. Nani atawasha tanuri na kuchonga kalibu kwa ajili ya wateja wachache kiasi hicho? Mwenye motokaa adimu huachwa na njia mbili: kumtafuta fundi wa mkono, au kutumia maarifa ya siku hizi.

KAZI YA MCHANGA NA NTA

Njia ya fundi wa mkono ni ya kale, nayo haina mageni kwa watu wa Afrika ya Mashariki. Mafundi wa jua kali wanaoyeyusha alumini chakavu na kusubu sufuria wanaijua. Kielelezo hufukiwa katika mchanga mnyevu ulioshindiliwa. Kikiondolewa huacha nafasi yenye umbo lake. Madini yaliyoyeyuka humiminwa humo.

Hata hivyo, pana mtego ambao umewaumbua wengi. Madini yakipoa hujikunja. Alumini hupungua zaidi kidogo ya milimita 1 katika kila milimita 100. Kwa hiyo fundi anayekichukua kifaa cha zamani na kukifanya kielelezo atapata kifaa kidogo kuliko cha asili. Kwa sufuria jambo hilo si kitu. Kwa kishikio kinachopaswa kuingia katika matundu mawili yaliyokwisha tobolewa mlangoni, kazi yote imepotea. Fundi mwangalifu hutengeneza kielelezo kikubwa kidogo, tena huongeza unene mahali patakapokerezwa au kupigwa tupa.

Kwa vitu vyenye maua na herufi ndogo, kama nembo, hutumika nta. Umbo la nta hufunikwa kwa plasta au udongo maalumu, kisha huchomwa. Nta huyeyuka na kutoka, na madini huingia mahali pake. Vishikio na nembo nyingi za miaka ya 1950 zilisubiwa kiwandani kwa mchanganyiko wa zinki na kupakwa kromiamu. Unyevu ukipenya, zinki huota vipele ambavyo ni shida kuviponya. Kwa sababu hiyo mafundi wengine hupendelea kusubu kifaa kipya kwa mchanganyiko wa shaba na zinki, ambao hupokea kromiamu vizuri na kudumu. Hapo umbo ni lile lile, bali madini ni mengine, wala hakuna aliyedhurika.

UNGA WA FELEJI NA MWANGA

Ile Porsche 959 ilipata msaada wake kwa njia nyingine. Mwaka 2018 kampuni yenyewe ilitangaza kwamba imeanza kutengeneza vifaa adimu kwa mashine zinazojenga kitu tabaka kwa tabaka. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa wenzo wa klachi wa motokaa hiyo. Unga wa feleji hutandazwa kwa unene usiofika milimita 0.1, na mwanga mkali wa leza huuyeyusha mahali panapotakiwa tu. Kisha tabaka jingine hutandazwa juu yake, hata umbo zima likamilike. Hapahitajiki kalibu.

Linalostahili kuangaliwa zaidi ni lililofuata. Kampuni haikuridhika kwamba wenzo ule ulifanana na wa zamani. Ulibanwa kwa nguvu ya karibu tani 3, kisha ukapigwa picha za ndani, kama mgonjwa hospitalini, ili kutafuta kasoro zisizoonekana kwa macho. Halafu ulifungwa katika motokaa na kujaribiwa barabarani. Wenzo wa asili ulikuwa wa chuma cha kusubu. Huu mpya ni wa feleji. Kilichotakiwa kulingana kabisa kilikuwa kipimo na kazi.

KUFANANA KUNAKOUA

Hapa ndipo penye hatari, kwa kuwa si kila afanyaye kifaa hukijaribu. Chukua mfano wa mpira. Motokaa ya Kifaransa Citroën DS, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1955 na 1975, huendesha breki na springi zake kwa kiowevu chenye nguvu kubwa. Hapo kwanza ilitumia kiowevu cha aina moja. Mwaka 1966 kampuni ilianza kutumia mafuta ya madini ya rangi ya kijani. Sili za mpira za aina hizi mbili zaweza kufanana kwa umbo, lakini mpira unaostahimili kimoja huharibiwa na kingine. Vivyo hivyo, sili za breki za motokaa nyingi za kawaida hufura zikiguswa na mafuta ya madini, na breki hukataa kazi. Mtu akiagiza sili "kama hii" bila kusema itakaa ndani ya nini, ameagiza ajali.

Bolti nazo ni hivyo hivyo. Motokaa nyingi za Kiingereza za zamani zina nyuzi zilizotokana na kanuni za Joseph Whitworth za mwaka 1841, ambazo pembe yake ni digrii 55. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana juu ya nyuzi za namna moja zenye pembe ya digrii 60. Bolti ya Whitworth ya robo inchi ina nyuzi 20 katika inchi moja, na ya kanuni mpya yenye nyuzi nene ina 20 pia. Moja huingia katika nati ya nyingine, na fundi husema, "Imekubali." Kwa kweli nyuzi hazikushikana sawasawa, na bolti hiyo haifai kuaminiwa mahali penye uzito.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: kifaa cha pambo na kifanane kwa umbo; lakini kifaa ambacho uhai wa watu umewekwa juu yake, sharti kilingane kwa kazi kabla ya sura.

ALAMA YA MKWELI

Kanuni ya pili yahusu uaminifu. Motokaa ya zamani huuzwa ghali zaidi kadiri vitu vyake vya asili vilivyosalia. Basi kishawishi ni kikubwa cha kuchakaza kifaa kipya kwa asidi na kukiuza kuwa ni cha miaka 60. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilipitisha Hati ya Turin mwaka 2012, inayoyahesabu magari hayo kuwa urithi wa kuhifadhiwa. Kwa mujibu wa fikira hiyo, kitu cha asili kisitupwe ikiwa kinaweza kuokolewa, na kilichobadilishwa kiweze kutambulikana. Alama ndogo iliyogongwa kwa nyuma, ya mwaka au ya jina la fundi, haiharibu uzuri wa kitu, nayo humzuia mnunuzi asidanganywe. Fundi anayetia alama yake hutangaza pia kwamba yu tayari kuulizwa habari za kazi yake.

FAIDA ILIYO KARIBU

Mambo haya si ya Ulaya peke yake. Wakenya wengi wanaikumbuka Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya Safari katika mwaka 1963, na tena mwaka 1966, 1967 na 1968. Tangu mwaka 2003 motokaa za zamani zimekuwa na Safari yao wenyewe, na kila mara matope na mawe hudai vifaa vipya. Mikono ya kuvitengeneza ipo. Kinachohitajiwa ni desturi ya kupima, kuuliza na kuandika.

Mwenye motokaa asitupe kifaa kilichovunjika, kwa kuwa vipande vyake ndivyo ushahidi wa kipimo. Amweleze fundi kifaa hicho hufanya kazi gani, kikigusana na nini, na katika joto gani. Fundi naye apime mahali pasipolika, aulize ni madini gani, ajaribu kabla ya kukabidhi, na atie alama yake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika kazi hii ufa mara nyingi hauzidi upana wa sili ya breki.