Gari la Kushirikiana au Daladala? Hesabu ya Safari ya Mgeni Unguja

Mgeni anayeshuka bandarini Malindi, Unguja, hukabiliwa na swali mapema: atasafiri kwa njia gani? Ndani ya Mji Mkongwe jibu ni rahisi. Vichochoro vingi vya mji huo, uliotiwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, ni vyembamba mno kwa gari, na humo miguu ndiyo hutumika. Lakini akitaka kufika Nungwi, yapata kilometa 60 kaskazini, hana budi kuchagua baina ya kukodi gari na kupanda daladala. Katika makala haya tutalipima swali hilo kwa hesabu.

GARI LA KUSHIRIKIANA NI NINI?

Ni gari moja linalotumiwa na watu wengi kwa zamu, kila mmoja akilipia muda alioutumia tu. Fikra hii si mpya. Mwaka 1948 chama cha ushirika kilianza utaratibu huo mjini Zürich, Uswisi. Mwaka 1974 mjini Amsterdam, Uholanzi, yalianzishwa magari madogo ya umeme yaliyoitwa Witkar. Mtumiaji alichukua gari katika kituo kimoja na kuliacha katika kingine.

Utaratibu huu hufaa penye safari fupi zinazoelekea pande nyingi, kwani gari aliloliacha mmoja huchukuliwa mara na mwingine. Safari za wageni Unguja haziko hivyo. Asubuhi wengi hutoka mjini kwenda fukweni, na jioni hurejea. Magari yangerundikana Nungwi mchana kutwa bila mtu wa kuyatumia. Aendaye huko na kurudi kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa huendesha saa 3 tu. Kwa saa 21 zilizobaki, yaani sehemu 7 kati ya 8 za siku, gari limesimama.

HESABU YA MAFUTA

Petroli yote itumikayo kisiwani huletwa kwa meli; kwa hiyo kila lita ina thamani. Tuchukue mfano. Gari dogo litumialo lita 8 kwa kila kilometa 100 litahitaji lita 9.6 kwenda Nungwi na kurudi. Wageni wakiwa wawili, kila mmoja ametumia lita 4.8, wakiwa wanne, lita 2.4. Daladala itumiayo lita 15 kwa kila kilometa 100 itahitaji lita 18. Ikibeba abiria 20 kila upande, kila mmoja ametumia lita 0.9. Lakini ikibeba abiria 7 tu, kila mmoja ametumia karibu lita 2.6, kupita wale wanne waliokodi pamoja!

Basi tunaona kwamba kinachoamua si ukubwa wa gari, bali idadi ya viti vilivyojaa. Ndiyo maana utingo hukawia kituoni akiita abiria. Kungoja huko, ambako mgeni hukulalamikia, ndiko kunakoifanya nauli iwe ndogo: abiria analipa fedha kidogo na muda mwingi.

KITI KINACHORUDI

Liko jambo jingine. Asubuhi wanavijiji huja mjini kwa biashara, kazi na matibabu. Gari la namba 116 lililowaleta kutoka Nungwi lina hatari ya kurudi na viti vitupu. Mgeni aendaye pwani saa hizo hukijaza kiti ambacho kingesafiri bure. Nauli yake humsaidia mwenye gari kuendesha safari ambayo mwanakijiji anaihitaji kila siku.

Hatusemi kwamba gari la kukodi halina nafasi yake. Aamkaye alfajiri kwenda Kizimkazi kutazama pomboo, mwenye mizigo mizito, mgonjwa, au kundi la watu wanne au watano, wana sababu njema ya kukodi. Mtu mmoja peke yake hana.

ZOEZI KWA WANAFUNZI

Simameni karibu na kituo cha daladala kwa saa moja asubuhi na saa moja jioni. Hesabuni abiria wa kila gari linaloingia na linalotoka, kisha chora mchoro wa matokeo. Je, viti vitupu huelekea upande gani, na saa ngapi? Jibu lenu litaonyesha ni wapi msafiri mmoja zaidi hasababishi kutumika kwa mafuta mengi zaidi.