Kweli au Uongo? Chumvi, Zebaki Nyekundu na Madai Mengine ya Kemia

Umeyasikia, hukosi. Mengine uliyapata darasani, mengine kwenye daladala, mengine kwa mtu aliyekunong'oneza kwamba redio ya zamani ya babu yako ni mali. Madai ya kemia yanazunguka mitaani kila siku, na si yote ya kutupa. Hapa tunayaweka mezani saba na kuyapima moja moja. Kipimo ni kimoja: usiishie kuuliza kitu kimetengenezwa na elementi gani. Uliza pia elementi hiyo imeungana na nini, na imeungana vipi.

1. "Jedwali la elementi ni orodha ya kukariri, kuanzia nyepesi hadi nzito."

UONGO. Mrusi Dmitri Mendeleev alipochapisha jedwali lake mwaka 1869, alizipanga elementi zenye tabia za kufanana pamoja. Pale alipokosa ya kufaa aliacha nafasi wazi, akatabiri sifa za elementi itakayokuja kuijaza. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akagundua galiamu, na kipimo chake cha kwanza cha densiti kikawa 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwahi hata kuishika metali hiyo, akasisitiza kwamba inapaswa kukaribia 5.9. Sampuli ikasafishwa, ikapimwa upya: 5.9. Orodha ya kukariri tu haina uwezo huo.

Uzito nao si kigezo. Teluriamu (127.6) inaitangulia iodini (126.9) ingawa ni nzito zaidi. Mwaka 1913 Mwingereza Henry Moseley alionyesha kwa eksirei kwamba kinachopanga foleni ni idadi ya protoni kwenye kiini cha atomi. Elementi za safu wima moja hufanana kwa sababu elektroni zao za nje zimepangika kwa namna moja, na hizo za nje ndizo zinazoamua atomi iungane na ipi.

2. "Sodiamu hulipuka na klorini ni sumu, kwa hiyo chumvi ya mezani ni hatari iliyofichwa."

UONGO, ingawa nusu ya kwanza ni kweli. Sodiamu ikitupwa majini huchachamaa na huweza kulipuka. Gesi ya klorini ndiyo ambayo jeshi la Ujerumani liliiachilia karibu na Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, ikaua askari wengi. Lakini zikikutana, kila atomi ya sodiamu huipa ya klorini elektroni moja. Zote mbili hutulia, zikawa ioni zinazovutana kwa chaji zilizo kinyume. Hata chumvi ikiyeyuka kwenye mchuzi, ioni hizo huachana tu. Hazirudi kuwa metali ya kulipuka wala gesi ya sumu. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, ndiyo, lakini hapo kosa ni kiasi.

3. "Kalamu ya risasi ina risasi ndani."

UONGO. Ndani mna grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, na grafiti ni kaboni. Madini hayo yalipoanza kuchimbwa Borrowdale, Uingereza, katika karne ya 16, watu waliyadhania kuwa aina ya risasi, na kosa hilo likadumu. Risasi ya kweli ingeweza kupatikana kwenye rangi ya nje ya penseli za zamani, si kwenye kinachoandika.

Almasi ya Mwadui, Shinyanga, nayo ni kaboni ileile. Katika almasi kila atomi imeshikwa na wenzake wanne kutoka pande zote, ndiyo maana haikwaruziki kirahisi. Katika grafiti kila atomi imeshikwa na watatu tu, kwa matabaka yanayoteleza kama karata. Ukiandika, matabaka hayo ndiyo yanayobaki kwenye karatasi.

4. "Dhahabu haishiki kutu."

KWELI, na masonara walilijua hilo kabla ya maabara. Dhahabu hushikilia elektroni zake za nje kwa nguvu, kwa hiyo oksijeni na unyevu havipati cha kuchukua. Cheni yako ikiacha alama ya kijani shingoni, mlaumu mwenzake: dhahabu ya karati 18 ni asilimia 75 tu, na ya karati 9 ni asilimia 37.5. Inayobaki mara nyingi ni shaba na fedha.

Ila dhahabu ina udhaifu mmoja: hujiunga na zebaki kwa urahisi. Wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya wanalijua vizuri, maana hivyo ndivyo wanavyoikamata kutoka kwenye mchanga. Wakichoma mchanganyiko huo, mvuke wa zebaki unaotoka huharibu ubongo na mishipa ya fahamu.

5. "Redio, televisheni na vyerehani vya zamani vina zebaki nyekundu ya mamilioni."

UONGO mtupu. Zebaki ni metali ya rangi ya fedha, na ni kimiminika katika joto la kawaida. Ikiungana na salfa au oksijeni inaweza kuwa nyekundu. Sinabari, yaani zebaki na salfa, imetumika kama rangi tangu zama za kale. Lakini hiyo haina nguvu za ajabu, haifichwi kwenye redio, na haina bei ya kununulia nyumba.

Uvumi huu umevuka mipaka. Mwaka 2009 vyerehani vikuukuu vya Singer vilipanda bei ghafla Saudi Arabia kwa sababu yake. Kusini mwa Afrika kuna waliopoteza maisha wakipasua mabomu ya zamani wakiamini zebaki hiyo imo ndani. Mnunuzi anayetaka utangulize "ada ya kupimia" hatafuti madini, anakutafuta wewe.

6. "Magadi huivisha maharage haraka."

KWELI. Bibi hakukosea. Kuta za seli za maharage hushikamanishwa na pektini, na pektini hukazwa na kalsiamu. Magadi ni chumvi za sodiamu zenye ualikali: huivunja pektini na kuiondoa kalsiamu inayoikaza. Ndiyo maana maharage hulainika upesi na mkaa ukapona.

Tahadhari ni mbili. Ualikali huo huharibu vitamini B1. Pia magadi ya Bonde la Ufa mara nyingi huwa na floridi nyingi, ile inayoyapaka meno rangi ya kahawia, hasa ya watoto wa Arusha na Kilimanjaro, ambako maji nayo huwa na floridi. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake hupunguza muda wa kupika bila gharama hizo.

7. "Vifungo vya kemikali vikivunjika hutoa nishati."

UONGO, na hili limewaponza watahiniwa wengi. Kuvunja kifungo hugharimu nishati daima. Kutenganisha atomi za gramu 2 tu za gesi ya hidrojeni huhitaji takriban kilojuli 436. Nishati hutoka pale vifungo vipya vinapoundwa. Ndiyo maana mkaa hauwaki wenyewe kwenye gunia: moto wa kiberiti hulipia gharama ya kuvunja vifungo vya kwanza. Kaboni ikishaungana na oksijeni, vifungo vipya hutoa joto zaidi kuliko lile lililotumika, na jiko likaendelea kuwaka.

Matokeo: uongo tano, kweli mbili. Hizo mbili zimetoka kwa sonara na kwa mpishi, watu wanaoishi na vitu hivi mikononi na kuona matokeo kila siku. Yaliyoanguka ni yale yanayoenezwa na watu wasiojaribu chochote, au wanaotaka pesa yako. Kwa hiyo ukiletewa dai jipya, uliza nani amelijaribu, na limeonekana kwa macho ya nani. Na kama dai lenyewe linahitaji ulipe kwanza, mpelekee mwalimu wa kemia aliye karibu nawe kabla hujafungua pochi.