Kisiwa cha Læsø: chumvi iliyomaliza msitu

Msikilizaji, kwa familia nyingi za Waswahili wanaoishi Ulaya, likizo ya kiangazi ina maana moja tu, nayo ni kurudi nyumbani. Lakini nauli ya ndege ya watu wanne katika mwezi wa Julai si jambo la mchezo, na kuna miaka ambayo nyumbani ndiko kunakotujia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa pale mama yangu mzazi alipofunga safari kutoka Pangani hadi Hamburg kuwaona wajukuu wake wawili. Baada ya siku nne za viazi na mkate, aliuliza kwa upole kama Ulaya nzima haina samaki. Tukaamua tumpeleke mahali penye bahari, na mahali ambapo chakula ndiyo sababu ya safari yenyewe.

Tulielekea kaskazini kwa gari, mwendo wa kilomita zipatazo 500, hadi bandari ya Frederikshavn nchini Denmark, na hapo tukapanda feri. Baada ya saa moja na nusu hivi tukashuka Vesterø Havn, katika kisiwa cha Læsø. Jina hilo hutamkwa karibu sawa na leso, vazi la akina mama wa pwani yetu, na Mama hakuhitaji kufundishwa mara mbili.

Læsø imo katika bahari ya Kattegat, baina ya Denmark na Sweden. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 118, na wakazi wake hawafiki 2,000. Ndiyo manispaa yenye watu wachache kuliko zote nchini Denmark. Wenyeji huzunguka kwa baiskeli, na mgeni naye hana budi kufanya vivyo hivyo. Jua la Julai huzama karibu na saa nne za usiku, jambo lililomtatiza Mama, kwani alikuwa akingoja giza ndipo ale chakula cha jioni.

Kinachokipa kisiwa hiki sifa yake ni chumvi. Na kisa chake, msikilizaji, si kisa cha upishi pekee.

Kusini mwa kisiwa kuna uwanda mpana wa mchanga na majani mafupi uitwao Rønnerne. Ardhi hapo ni tambarare mno. Wakati wa majira ya baridi bahari hupanda na kuufunika uwanda huo. Wakati wa kiangazi maji hukauka kwa jua na upepo, na chumvi inayosalia hupenya chini ya mchanga na kuchanganyika na maji yaliyozuiliwa na tabaka la udongo mzito. Mwaka baada ya mwaka maji hayo huzidi kukolea. Maji ya bahari kuu kwa kawaida huwa na chumvi ya asilimia 3.5; maji yachotwayo katika visima vya Læsø huweza kupita asilimia 10. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanywa na maumbile kabla binadamu hajainua ndoo.

Msikilizaji wa Gongoni, karibu na Malindi, au wa Bagamoyo atauliza: kwa nini basi wasiyaanike maji hayo juani, kama tufanyavyo sisi? Swali hilo Mama aliliuliza papo hapo, mbele ya mfanyakazi wa kiwanda aliyekuwa akitutembeza. Jibu ni kwamba jua la Denmark halina nguvu hiyo, na mvua haichelewi kurudi. Hapana budi maji yachemshwe, na kuchemsha kunataka kuni.

Hapo ndipo palipo kiini cha habari hii. Katika Zama za Kati chumvi ilikuwa mali kubwa kaskazini mwa Ulaya. Kanisa Katoliki lilikataza nyama katika siku nyingi za mwaka, watu wakala samaki, na samaki aina ya heringi hawakuweza kuhifadhiwa wala kusafirishwa bila ya chumvi. Siagi nayo ilitiwa chumvi. Kisiwa cha Læsø kilikuwa chini ya wakuu wa kanisa la Viborg, na wakulima walilipa kodi yao kwa chumvi. Kwa karne kadhaa vibanda vya kuchemshia vilifuka moshi kule Rønnerne, na kila karai lililochemka lilikula mti. Miti ilipokwisha, upepo ulipata njia. Mchanga ukahama na kufukia mashamba. Mwaka 1652 uchemshaji ukakomeshwa, na kisiwa kilichokuwa na misitu kikabaki uchi.

Mama alisikiliza tafsiri yangu hadi mwisho, kisha akasema kwamba kwao pia wako watu waliochemsha chumvi kwa kuni za mikoko, na kwamba mahali mikoko ilipokatwa anapajua. Hakuongeza neno.

Matokeo ya ukosefu wa miti yangali yakionekana kwa macho. Nyumba za kale za Læsø zilijengwa kwa mbao za meli zilizovunjika pwani, kwani mbao nyingine hazikuwapo. Mapaa yake yaliezekwa kwa nyasi ndefu za baharini zinazotupwa ufukoni na mawimbi (si mwani unaolimwa Paje na Jambiani, bali ni nyasi hasa, zenye mizizi na maua). Wanaume walikuwa baharini, kwa hiyo kulima na kuezeka kulikuwa kazi ya wanawake, na siku ya kuezeka walikusanyika wengi mithili ya msaragambo wa kwetu. Paa hilo lilikuwa nene kiasi cha mita moja, na chumvi iliyomo ililikinga na wadudu na moto hata likadumu zaidi ya karne mbili. Katika miaka ya 1930 maradhi yaliziangamiza nyasi hizo baharini, na mapaa ya namna hiyo yaliyosalia ni machache, kama ishirini hivi. Watoto waliyafananisha na nywele za mtu aliyeamka sasa hivi.

Uchemshaji wa chumvi ulifufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya wachimbuzi wa mambo ya kale kuyachunguza mabaki ya vibanda vya zamani. Kibanda kilijengwa upya kwa mfano wa vile vya kale, nayo kazi hiyo ilikusudiwa pia kuwapatia watu ajira. Ndani yake mna giza, mvuke na joto lililomfanya Mama avue koti lake kwa mara ya kwanza tangu awasili Ulaya. Maji hutokota polepole katika karai pana la chuma, povu huenguliwa, kisha chembe nyeupe huanza kuzama kama vumbi la theluji. Chumvi huchotwa na kutiwa katika vikapu vinavyoning'inia juu ya karai, ili maji yanayodondoka yasipotee. Kuni zinatumika hata leo, lakini kisiwa kilipandwa misitu upya katika karne ya 20, na kinachochemshwa sasa ni kidogo, kwa ajili ya wageni na mikahawa.

Mezani chumvi hiyo hukutana na kamba wa Kattegat. Wadenishi humwita jomfruhummer. Ni mdogo kuliko kamba-mti wetu, ana rangi ya chungwa hata kabla ya kupikwa, na magando yake ni membamba na marefu. Bandari ya Østerby Havn, upande wa mashariki wa kisiwa, inaishi kwa kamba huyo. Tulinunua kilo mbili na kuzipika wenyewe katika nyumba tuliyopanga. Wenyeji humchemsha dakika chache tu katika maji ya chumvi, au humpasua katikati na kumchoma kwa siagi na kitunguu saumu. Mama alikubali sufuria moja ipikwe kidenishi. Ya pili aliichukua mwenyewe, akatia ndimu, pilipili na kopo la tui alilolificha kwenye mizigo. Sitasema ipi iliyokwisha kwanza. Kwa wasikilizaji Waislamu, wafuasi wa madhehebu ya Shafi, kama walivyo wengi wa pwani, hawana tatizo na kamba. Wa Hanafi watawauliza maulamaa wao.

Hata huyu kamba ana mashaka yake. Huvuliwa kwa nyavu zinazokokotwa sakafuni mwa bahari, na nyavu hizo humnasa pia samaki aitwaye torsk, ambaye idadi yake katika Kattegat imeporomoka vibaya. Tangu mwaka 2009 Denmark na Sweden zimefunga baadhi ya maeneo ya bahari hiyo ili kumnusuru, na wavuvi wa kamba wametakiwa kutumia nyavu zenye njia ya kumtoa. Anayeketi Østerby na sahani yake anaitazama mashua na mgogoro wake kwa pamoja.

Asali nayo ina kesi yake. Læsø ni makazi ya nyuki wa kahawia wa kaskazini mwa Ulaya, ambao kwingineko wamechanganyika na nyuki wa kuletwa. Mwaka 1993 serikali ya Denmark ilipiga marufuku ufugaji wa nyuki wengine kisiwani. Mfugaji mmoja akashtakiwa kwa kuivunja amri hiyo, akajitetea kwamba inakiuka uhuru wa biashara katika Umoja wa Ulaya, na shauri likafika katika Mahakama ya Ulaya mjini Luxembourg. Mwaka 1998 majaji waliamua kwamba kuilinda jamii ya nyuki iliyo hatarini ni sababu ya kutosha kuzuia biashara. Binti yangu, mwenye umri wa miaka tisa, alitaka kujua kama nyuki walikuwa na wakili.

Anayekusudia kwenda akumbuke kuikatia feri tiketi ya gari mapema, na kwamba Denmark hutumia krone, si euro. Viazi vipya, mkate mweusi na siagi hupatikana kila mahali. Pilipili, achukue yake.

Tulinunua mifuko miwili ya chumvi. Mmoja uko jikoni kwetu Hamburg. Wa pili Mama ameupeleka Pangani, ambako chumvi haijapata kuadimika, na nasikia kila mgeni huonjeshwa.