Fahamu: Kwa nini Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu

Njia ya kale ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji. Leo dagaa wa Kigoma wanarudi kwa reli njia hiyohiyo. Kwa hiyo ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, DRC na Zambia, mlaji wa Tabora naye alihusika. Samaki wamepungua, na wapo wanaosema mkosaji ni joto, si mvuvi. Wana hoja: maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vyema na ya chini yenye virutubisho, na chakula cha dagaa hupungua. Lakini samaki wakizidi kuwa haba, ndipo wanaobaki wanapohitaji nafasi ya kuzaa. Dagaa hukua na kutaga ndani ya mwaka mmoja, hivyo faida haichelewi.

Swali zito ni la mvuvi anayetegemea taa na wavu kila usiku: atakula nini? Hapo wanaopinga kufungwa kwa ziwa wana haki. Kufunga ziwa ni sahihi, ila mikopo na kazi mbadala ziandaliwe kabla nyavu hazijaanikwa.